Chama cha Jamhuri ya Watu Waislamu (Iran)

Chama cha Jamhuri ya Watu Waislamu wa Iran (kwa Kiajemi: Hezb-e Jomhuri-ye Khalq-e Mosalman-e Iran) kilikuwa chama cha kisiasa nchini Iran kilichoanzishwa mwaka 1979, wiki chache baada ya ushindi wa Mapinduzi ya Kiislamu. Kilikuwa chama cha kidini chenye msimamo wa wastani. Kilikubali kwamba dola iheshimu Uislamu, lakini kilipinga madaraka makuu kuwekwa mikononi mwa mwanachuoni mmoja. Kiongozi wake wa kiroho alikuwa Ayatollah Mohammad Kazem Shariatmadari wa Qom, na nguvu yake kubwa ilikuwa katika mji wa Tabriz na maeneo ya Waazeri kaskazini-magharibi mwa nchi.

Chama hicho hakikudumu hata mwaka mmoja. Kilifungwa mwanzoni mwa mwaka 1980 baada ya ghasia za Qom na Tabriz zilizofuata kura ya maoni kuhusu katiba mpya. Historia yake inakumbukwa kwa sababu upinzani wake dhidi ya katiba hiyo ulitoka ndani ya uongozi wa juu wa dini ya Washia wenyewe.

Jina

Maneno mawili ya jina la chama hayatakuwa mageni kwa msomaji wa Kiswahili. Jomhuri ndilo neno "jamhuri", na khalq lina asili moja ya Kiarabu na neno "halaiki". Katika siasa za Iran za wakati ule khalq lilimaanisha watu wa kawaida au umma, na lilitumiwa sana na vikundi vya mrengo wa kushoto, kama vile Mojahedin-e Khalq na Fadaiyan-e Khalq. Kwa ufupi Wairani wengi walikiita chama hiki Khalq-e Mosalman, yaani "Watu Waislamu". Gazeti lake pia lilikuwa na jina hilo.

Kisichanganywe na Chama cha Jamhuri ya Kiislamu, ambacho kilikuwa mpinzani wake mkuu.

Usuli

Ayatollah Shariatmadari

Mohammad Kazem Shariatmadari alizaliwa Tabriz mnamo 1906 katika familia ya Waazeri, watu wanaosema lugha ya jamii ya Kituruki. Alisoma Qom na Najaf (Irak). Baada ya kifo cha Ayatollah Borujerdi mwaka 1961 alihesabiwa miongoni mwa marjaa wakuu wa Qom.

Marjaa ni mwanachuoni wa ngazi ya juu ambaye Washia Ithnaashari humchagua wenyewe ili kufuata hukumu zake katika ibada na maisha ya kila siku. Waumini humpelekea pia michango ya kidini. Desturi hiyo ipo hata Afrika Mashariki, hasa katika jamii ya Khoja Ithnaashari ya miji kama Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa. Cheo cha marjaa hakitolewi na serikali. Hutokana na elimu yake na imani ya wafuasi, na mtu hubaki huru kumfuata marjaa anayemwamini.

Mwaka 1965 Shariatmadari alianzisha Qom taasisi ya Dar al-Tabligh iliyofundisha wahubiri na kuchapisha maandiko ya dini. Kwa tabia alikuwa mtu wa tahadhari. Aliamini kwamba kazi ya wanazuoni ni kufundisha, kuonya na kushauri, na kwamba uendeshaji wa serikali wa kila siku uachiwe watu wenye ujuzi wa kazi hiyo.

Uhusiano wake na Khomeini

Mnamo Juni 1963 Ayatollah Ruhollah Khomeini alikamatwa na serikali ya Shah Mohammad Reza Pahlavi baada ya kumshutumu hadharani. Wengi walihofia kwamba angehukumiwa kifo. Shariatmadari na wanazuoni wengine wakuu walitangaza kwamba Khomeini ni marjaa kama wao. Tamko hilo lilifanya iwe vigumu kwa serikali kumdhuru, naye akaachiliwa baadaye kabla ya kupelekwa uhamishoni mwaka 1964.

Khomeini alipokuwa uhamishoni, Shariatmadari alibaki Qom. Alidai serikali irudi kwenye Katiba ya 1906 na nyongeza yake ya 1907, ambayo iliweka mipaka kwa madaraka ya mfalme. Nyongeza hiyo ilikuwa na kifungu kilichotaka kamati ya wanazuoni wasiopungua watano kukagua sheria za bunge ili zisipingane na Uislamu. Kifungu hicho hakikuwa kimetekelezwa ipasavyo. Kwa Shariatmadari, njia hiyo ilitosha kulinda dini bila wanazuoni kushika serikali.

Miaka ya mapinduzi

Tarehe 9 Januari 1978 polisi waliwapiga risasi waandamanaji mjini Qom. Hao walikuwa wakipinga makala ya gazeti iliyomtukana Khomeini. Kwa desturi, wafu huombolezwa tena siku ya arobaini. Hivyo tarehe 18 Februari watu wa Tabriz walijitokeza kuwakumbuka waliouawa, na maombolezo yakageuka kuwa uasi mkubwa wa mji mzima. Mnamo Mei 1978 askari waliingia hata katika nyumba ya Shariatmadari mjini Qom na kuua humo. Tukio hilo liliwakasirisha wafuasi wake na kumsogeza karibu zaidi na wapinzani wa Shah.

Shah aliondoka nchini tarehe 16 Januari 1979. Khomeini alirudi tarehe 1 Februari, na tarehe 11 Februari utawala wa kifalme ukaanguka.

Kuanzishwa

Siku chache baada ya ushindi, wanazuoni watano waliokuwa karibu na Khomeini walianzisha Chama cha Jamhuri ya Kiislamu. Walikuwa Mohammad Beheshti, Akbar Hashemi Rafsanjani, Ali Khamenei, Abdolkarim Mousavi Ardebili na Mohammad Javad Bahonar. Chama hicho kilijenga haraka matawi misikitini na katika kamati za mapinduzi, na kikawa na ushawishi juu ya mahakama za mapinduzi na vyombo vya habari.

Wafuasi wa Shariatmadari waliona kwamba nchi inaelekea kwenye utawala wa kundi moja. Ndipo walipoanzisha chama chao. Miongoni mwa wahusika walikuwamo wanazuoni, wafanyabiashara na wasomi wa Kiazeri, pamoja na Hassan Shariatmadari, mwana wa ayatollah. Shariatmadari mwenyewe hakushika cheo chochote ndani ya chama. Alikibariki na kukilinda kwa jina lake.

Malengo

Msimamo wa chama ulijengwa juu ya mambo machache:

- Mamlaka ya dola yatoke kwa wananchi kwa njia ya uchaguzi huru.
- Sheria ziheshimu Uislamu, lakini wanazuoni wabaki washauri na waonyaji.
- Vyama vyote na magazeti yote viwe na uhuru, vikiwemo vile visivyokubaliana na serikali.
- Kamati na mahakama za mapinduzi zisifanye kazi nje ya sheria, na adhabu za haraka zikomeshwe.
- Mikoa iwe na sauti katika mambo yake, hasa katika uteuzi wa viongozi wake.

Katika mambo mengi kilikaribiana na serikali ya muda ya Waziri Mkuu Mehdi Bazargan. Tofauti yao ilikuwa kwamba Bazargan alitegemea wasomi wa mijini, huku chama cha Khalq-e Mosalman kikiwa na marjaa mwenye wafuasi wengi.

Wafuasi

Ngome ya chama ilikuwa mkoa wa Azerbaijan ya Mashariki, hasa Tabriz. Kilikuwa pia na wafuasi kati ya Waazeri wa Tehran, ambao ni wengi katika biashara za soko kuu la mji huo.

Watu wa Tabriz walikuwa na sababu zao za kudai nafasi katika mapinduzi. Mji wao ulisimama imara katika Mapinduzi ya Kikatiba ya 1906–1911, pale Sattar Khan alipoongoza ulinzi wake dhidi ya majeshi ya Shah. Mwaka 1978 ulikuwa tena miongoni mwa miji ya kwanza kuinuka. Kwa upande mwingine, kati ya Desemba 1945 na Desemba 1946 Azerbaijan ya Iran ilikuwa na serikali yake ya kujitawala iliyoungwa mkono na Umoja wa Kisovyeti. Kumbukumbu ya tukio hilo iliwapa wapinzani wa chama nafasi ya kukishutumu kwamba kinataka kuigawa nchi. Shariatmadari alikana jambo hilo daima, na chama hakikudai kujitenga.

Mabishano kuhusu katiba

Kura ya maoni ya Machi 1979

Tarehe 30 na 31 Machi 1979 wananchi waliulizwa swali moja tu: Jamhuri ya Kiislamu, ndiyo au hapana? Shariatmadari alisema ingefaa watu wapewe nafasi ya kueleza aina ya serikali wanayoitaka, kwa kuwa maana ya "Jamhuri ya Kiislamu" ilikuwa bado haijafafanuliwa. Matokeo rasmi yalionyesha kura za ndiyo zaidi ya milioni 20, yaani zaidi ya asilimia 98.

Baraza la Wataalamu

Rasimu ya kwanza ya katiba ilichapishwa mwezi Juni. Ilikuwa na rais na bunge, na haikutaja uongozi wa fakihi (velayat-e faqih), yaani nadharia ya Khomeini kwamba mwanachuoni mjuzi wa sheria za dini ndiye mwenye haki ya kutawala. Shariatmadari alitaka rasimu ijadiliwe na bunge kubwa la katiba kama ilivyoahidiwa. Badala yake liliundwa Baraza la Wataalamu lenye wajumbe 73 tu. Katika uchaguzi wa tarehe 3 Agosti 1979 wafuasi wa Chama cha Jamhuri ya Kiislamu walipata wingi mkubwa.

Wachache ndani ya baraza walipinga uongozi wa fakihi. Mmoja wao alikuwa Rahmatollah Moqaddam Maragheh'i, mjumbe kutoka Azerbaijan ya Mashariki aliyewahi kuwa gavana wa mkoa huo chini ya Bazargan. Hata hivyo wazo hilo lilipitishwa na kuwa msingi wa katiba.

Hoja ya Shariatmadari

Shariatmadari alieleza kwamba katiba mpya inajipinga yenyewe. Vifungu vya 6 na 56 vinasema nchi iendeshwe kwa kutegemea kura za wananchi, na kwamba Mungu amempa binadamu haki ya kuamua hatima yake ya kijamii. Kifungu cha 110 kinampa fakihi mkuu amri ya majeshi, uteuzi wa viongozi wa juu wa mahakama na uthibitisho wa rais. Kwa maoni yake, kifungu hicho kilichukua kwa mkono mmoja kile ambacho vingine vilitoa kwa mkono mwingine. Alitaka kirekebishwe kabla ya watu kupiga kura.

Hoja hiyo ilikuwa nzito kwa sababu ilitoka kwa marjaa. Mwanasiasa asiye mwanachuoni aliyepinga uongozi wa fakihi angeweza kuambiwa kwamba anapinga dini. Ilikuwa vigumu kumwambia hivyo Shariatmadari, ambaye kwa elimu alikuwa na haki sawa na Khomeini ya kueleza sheria ya dini inasemaje.

Kura ya Desemba 1979

Wakati huohuo hali ya nchi ilibadilika. Tarehe 4 Novemba 1979 wanafunzi waliuteka ubalozi wa Marekani mjini Tehran, na siku mbili baadaye serikali ya Bazargan ikajiuzulu. Katika msisimko wa kupambana na Marekani, kuipinga katiba kulionekana na wengi kama kumsaidia adui.

Kura ya maoni ilifanyika tarehe 2 na 3 Desemba. Shariatmadari hakuiunga mkono katiba, na wafuasi wake wengi walisusia kura hiyo. Katiba ilipitishwa kwa zaidi ya asilimia 99 ya kura. Hata hivyo kura za ndiyo zilikuwa takriban milioni 15.7, pungufu kwa zaidi ya milioni 4 kuliko zile za mwezi Machi.

Ghasia za Qom na Tabriz

Tarehe 5 Desemba 1979 umati wa wapinzani wa Shariatmadari ulishambulia nyumba yake mjini Qom, na mlinzi wake mmoja akauawa kwa risasi. Habari zilipofika Tabriz, wafuasi wa chama waliingia mitaani. Tarehe 6 Desemba waliteka kituo cha redio na televisheni pamoja na ofisi ya gavana. Walidai wakuu wasiotakiwa waondolewe, na viongozi wa mkoa wasiteuliwe bila ridhaa ya Shariatmadari. Baadhi ya askari na polisi wa mji waliwaonea huruma na hawakuwazuia.

Kwa siku kadhaa mji ulikuwa mikononi mwao. Khomeini na Shariatmadari walikutana Qom, na ujumbe wa serikali ukatumwa Tabriz. Shariatmadari, aliyeogopa vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliwaomba wafuasi waondoke katika majengo waliyoyateka ili mazungumzo yaendelee. Walipotii, Walinzi wa Mapinduzi walikirudisha kituo cha televisheni chini ya serikali. Mapigano yakaanza upya, na kituo kikatekwa na kukombolewa zaidi ya mara moja. Serikali ilitangaza kwamba uasi huo ni kazi ya mawakala wa Marekani na mabaki ya utawala wa Shah. Khomeini alisema kwamba ni uasi dhidi ya Uislamu.

Maandamano makubwa yaliendelea Tabriz mwezi wote wa Desemba. Upande wa Qom wafuasi wa Khomeini waliandamana kudai chama kivunjwe.

Kuvunjwa

Mnamo Januari 1980 Walinzi wa Mapinduzi waliteka makao ya chama mjini Tabriz. Wafuasi wengi walikamatwa, na kadhaa wakauawa kwa kupigwa risasi baada ya hukumu ya mahakama ya mapinduzi. Shariatmadari aliondoa mkono wake juu ya chama ili kuzuia umwagaji wa damu zaidi. Ofisi zilifungwa na gazeti likakoma. Chama hakikupata nafasi ya kushiriki uchaguzi wa kwanza wa rais wa tarehe 25 Januari 1980, ambao Abolhassan Banisadr alishinda.

Wanafunzi waliouteka ubalozi wa Marekani walitangaza hati zilizomtaja Moqaddam Maragheh'i kuwa na uhusiano na Wamarekani, naye akatoweka katika siasa za nchi. Hassan Shariatmadari baadaye aliishi Ulaya na kuendelea na siasa za upinzani.

Shariatmadari baada ya chama

Mnamo Aprili 1982 Sadegh Ghotbzadeh, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, alikamatwa kwa shtaka la kupanga kumuua Khomeini na kuipindua serikali. Shariatmadari alishutumiwa kwamba alijua njama hiyo. Alionyeshwa katika televisheni akiomba msamaha. Jumuiya ya Walimu wa Hauza ya Qom ikatangaza kwamba hastahili tena kuwa marjaa. Ghotbzadeh aliuawa kwa hukumu ya mahakama mwezi Septemba mwaka huohuo.

Tangazo hilo lilikuwa jambo jipya katika historia ya Washia. Kwa kuwa cheo cha marjaa hutolewa na imani ya waumini, hakukuwa na chombo kilichozoeleka kumvua mtu cheo hicho. Dar al-Tabligh ilichukuliwa na kupewa wanazuoni wa upande wa serikali.

Shariatmadari aliwekwa katika kifungo cha nyumbani hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Familia na wafuasi wake walilalamika kwamba alicheleweshwa kupata matibabu alipougua. Alifariki Tehran tarehe 3 Aprili 1986. Alizikwa Qom usiku, bila mazishi ya hadhara ambayo kwa desturi hufanyiwa marjaa.

Sababu za kushindwa

Sababu zifuatazo zinasaidia kueleza kwa nini chama hakikudumu:

- Kilitegemea jina la mtu mmoja, mzee aliyekuwa na zaidi ya miaka 70, ambaye hakutaka kutawala. Alipokiacha, hakuna aliyeweza kushika nafasi yake.
- Nguvu yake ilikuwa katika eneo moja na kabila moja. Nje ya Waazeri hakikupata mizizi ya kutosha.
- Hakikuwa na jeshi wala mahakama, wakati wapinzani wake walikuwa na Walinzi wa Mapinduzi na kamati za mitaa.
- Mgogoro wa ubalozi ulifanya sauti ya wastani isikike kama usaliti.
- Kiongozi wake alichagua mara kwa mara kurudi nyuma kuliko kuruhusu damu imwagike. Baadhi ya wafuasi walimlaumu kwa hilo, wengine wakamsifu.

Umuhimu

Mshindani wake, Chama cha Jamhuri ya Kiislamu, nacho kilivunjwa mwaka 1987 kwa idhini ya Khomeini kutokana na mafarakano ya ndani. Lakini swali alilouliza Shariatmadari mwaka 1979, yaani nani mwenye neno la mwisho kati ya kura za wananchi na fakihi, limebaki katika siasa za Iran. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1989, madaraka ya fakihi mkuu yalipanuliwa. Mwaka huohuo ilifutwa sharti kwamba kiongozi huyo awe marjaa, hivyo Ali Khamenei aliweza kumrithi Khomeini.

Ayatollah Hossein Ali Montazeri, ambaye mwaka 1979 alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Wataalamu na mtetezi mkubwa wa uongozi wa fakihi, baadaye aliukosoa jinsi ulivyotekelezwa. Yeye pia aliwekwa katika kifungo cha nyumbani mjini Qom, kuanzia 1997 hadi 2003.

Tazama pia

- Mapinduzi ya Kiislamu ya Iran
- Ruhollah Khomeini
- Tabriz
- Waazeri
- Washia Ithnaashari